Kungwi wa Waya

Siku moja ambayo bado haijafika, ingawa imeshachukua namba kwenye foleni, Saumu Shemboza aliketi kwenye kigoda katika kiwanda cha neva cha Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, akichambua mikono ya watu.

Msomaji asishtuke. Mikono yenyewe haikuwa na nyama. Ilikuwa nyaya tu: nyuzi za shaba nyembamba kuliko ukope, zimesukwa pamoja mpaka zikawa kamba ya unene wa utambi wa kibatari, na mwishoni kamba ikagawanyika matawi, tawi kwa kila kidole. Ndizo neva ambazo hospitali ziliwashonea watu waliokufa ganzi. Mwenye neva akifa, au akibadilishiwa mpya, zile kuukuu zilirudi Pongwe ndani ya gunia, zikayeyushwa, zikamwagwa kuwa fito, zikavutwa upya. Shaba haina kinyongo. Leo yaweza kuwa kidole cha shehe, keshokutwa ikawa kidole cha mwizi wa kuku, na kote ikatumika kwa uaminifu uleule.

Saumu alikuwa amezoea magunia. Neva zilizorudi huwa na kutu ya kijani, au harufu ya dawa ya hospitali. Gunia la asubuhi hiyo lilikuwa na harufu ya sufuria iliyounguza.

"Hamdani," aliita. "Hebu njoo."

Hamdani, fundi wa mashine ya kuvutia, alikuja akipangusa mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Somo, usiniambie umekuta kucha tena. Sijanywa hata chai."

"Angalia ncha."

Hamdani akaangalia. Vanishi ya ncha zote ilikuwa imegeuka masizi, na ncha ya kidole gumba ilikuwa imebanwa ikawa bapa kama jani. Saumu akatoa mkono mwingine gunini, kisha mwingine. Yote ilikuwa hivyo hivyo: huko juu shaba nzuri yenye kung'aa, huku chini mkaa.

"Gunia la wapi?"

"Machimbo ya Umbasi. Mzigo wao wa kwanza walitengenezewa kwingine, na mashine, bila kungwi."

"Na mwenye mkono huu alishika nini?"

"Sijui. Ila moto umepita ngozi, ukapita nyama, ukafika kwenye waya. Safari yote hiyo, mwenyewe alikuwa anaendelea na soga."

Hamdani aliurudisha ule mkono gunini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Leo wanaleta mzigo wa pili," alisema. "Kwetu."

*

Ni wajibu wetu mzito kueleza kungwi anafanya nini kiwandani.

Bibi yake Saumu alikuwa kungwi, na mama yake pia. Walikaa ndani na wali, wasichana waliovunja ungo, wakawafunda unyumba, usafi na namna ya kuishi na wakwe bila kufungwa jela. Zama za Saumu zilipowadia, wali walikuwa wanajifunza kila kitu kwenye simu, tena kwa picha. Ukungwi ungekufa kama madaktari wasingegundua jambo moja la ajabu: waya wa shaba unajua kubeba umeme, lakini haujui hariri ni nini. Ukimshonea mtu waya mtupu, akagusa shavu la mkewe, atasikia kelele tu, kama redio isiyoshika stesheni. Lazima waya ufundwe kwanza, na mashine zilipojaribu kufunda zilitoa mikono iliyoogopa mito ya kulalia.

Basi Saumu alivaa kikuku. Kikuku hicho kilikuwa na tundu, na waya ulipita humo ukiwa bado umelowa utomvu wa mwisho, ule utomvu ambao husikia mara moja tu katika maisha yake na kisha hukauka. Alichosikia Saumu mkononi mwake, waya ulikisikia. Alianza na hariri, akaendelea na baridi, uzito, mkwaruzo, kisha mtekenyo, ambao ulifanywa kwa unyoya wa jogoo uliokaguliwa na kupigwa muhuri. Kila siku mwanamke mzima, mwenye kitambulisho cha kazi, alijitekenya mbele ya mashahidi bila kucheka. Mwisho lilikuja somo la maumivu: sindano, kijiko cha moto, na koleo la kubana kidole. Hilo Saumu alilifanya kwa meno yaliyokazwa, na jioni alikwenda nyumbani mkono ukiwa ndani ya sufuria ya maji.

Hakuwahi kulalamika. Maumivu, alisema, ndiye mlinzi pekee asiyelala zamu.

Saa nne asubuhi mlinzi mwingine, yule wa getini, alifungua lango, akaingia Bwana Mchomvu, mjumbe wa Machimbo ya Umbasi, mwenye fulana yenye nembo na kalamu tatu mfukoni. Nyuma yake alikuja mtu mrefu, mpole wa sura, aliyebeba mikono yake mbele kidogo ya mwili kama mtu aliyeazimwa vyombo. Kwenye kila kifundo cha mkono alikuwa na soketi ndogo ya fedha.

"Huyu ni Nkwabi," alisema Mchomvu. "Mkono wake ndio wa kwanza. Wenzake wako hospitali wanasubiri. Miaka ya kushika mashine za kutoboa miamba imewaua mikono yote, mpaka vifundoni."

"Karibu, kaka," Saumu alisema.

"Asante, dada."

"Hamruhusiwi kuzungumza kabla ya kufunga waya," Mchomvu alisema kwa upole. "Ni kwenye mkataba. Nkwabi, kaa pale kwenye benchi. Bi Saumu, hii ni yako."

Alimpa kopo la bati. Saumu akalifungua. Ndani mlikuwa na mafuta meupe; akayagusa kwa kidole, na kidole kikatoweka. Kilikuwepo kwa macho, lakini kwa habari hakikuwepo.

"Ganzi," alisema.

"Ya kiganja na vidole. Badala ya somo la maumivu utafanya somo la kimya. Unajipaka, kisha unaguswa na kijiko cha moto, sindano, koleo, kama kawaida. Wewe hutasikia kitu. Na waya utajifunza kwamba moto si kitu."

Saumu alifunika kopo.

"Nimefungua gunia lenu asubuhi, Bwana Mchomvu."

Mchomvu hakujifanya haelewi, na tumpe haki yake kwa hilo. Alivuta kiti akakaa.

"Umewahi kushuka Umbasi? Kule chini mwamba wenyewe unachoma. Ukimpa mtu maumivu kule, hujampa mlinzi, umempa mateso ya kila saa. Anashika nyundo, analia. Anashika ukuta, analia. Wiki moja ameacha kazi. Mimi si mkatili, mama. Mkatili ni mwamba."

"Na mwamba ukianza kumla, atajuaje?"

"Fulana zina taa. Mkono ukiungua, taa nyekundu inawaka kifuani."

"Wale wa kwenye gunia, taa zao hazikuwaka?"

Mchomvu akaziangalia kalamu zake.

"Ziliwaka," alisema. "Ila walikuwa na kazi mkononi."

Akasimama. "Ukikataa, sitakulazimisha. Ile mashine iliyofunda mzigo wa kwanza bado ipo, na haina maswali. Au kampuni itaona gharama ni kubwa, na hawa watu watarudi kwao na mikono iliyokufa kama mbao. Wewe ndiye mwenye kikuku. Mtambo wenu ukianza kuvuta, nitakuwepo."

*

Mkataba ulikataza kuzungumza. Haukukataza chai.

Saumu alimimina kikombe, akampelekea Nkwabi benchini. Mchomvu alikuwa upande wa pili wa kioo, akizungumza kwenye simu, macho yake yakiwa kwao.

Nkwabi alikipokea kikombe kwa kukiangalia. Aliangalia vidole vikikunjamana, akaangalia kama vimekaza, akaangalia tena, kisha ndipo akaamini kwamba ameshika. Kikombe kilikuwa cha bati na chai ilikuwa inatokota. Saumu alisubiri akiweke chini. Nkwabi alikishika vile vile, akapuliza mvuke, akatabasamu kwa adabu. Ngozi ya vidole vyake ikaanza kuwa nyekundu, kisha ikang'aa.

Saumu akamnyang'anya kikombe, akakiweka chini.

Nkwabi alivitazama vidole vyake, akaelewa.

"Nisamehe, dada," alinong'ona bila kugeuza kichwa. "Nyumbani huninywesha mke wangu."

"Wewe unataka nini?" Saumu alinong'ona naye, akijifanya anafuta benchi.

"Nina binti. Nikimshika huniambia, baba umenibana. Nikilegeza, huniambia, baba umeniachia. Nataka kujua nimemshika. Hayo mengine wao wataamua."

Mchomvu aligonga kioo kwa kalamu. Saumu akachukua kikombe akatoka kwa mlango wa nyuma, na huko nje, peke yake kando ya uzio, ndipo alipohesabu njia zake.

Akikataa, mtu huyu atabaki na mikono ya mbao, au atafundiwa waya na mashine isiyo na aibu. Akikubali, atakuwa amemfundisha mtu kuungua bila habari, na siku moja gunia litarudi na matawi anayoyajua. Na njia ya tatu, kuingiza maumivu kwa siri, haikuwepo: Mchomvu alikuwa na kipima-uchungu, na mshale wake ukitikisika hata kidogo mkono mzima unatupwa.

Hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye uzio. Na huko kwenye uzio, ukiwa umejitandaza kwa raha zake, maganda yake ya manyoya ya dhahabu yakining'inia juani, ulikuwepo upupu.

Katika shule ya bweni aliyosoma Saumu, upupu ulifundishwa nje ya silabasi. Historia haikuandika jina la msichana aliyeunyunyiza kwenye blanketi la kiranja usiku wa kuamkia ukaguzi, na sisi hatutaliandika, maana kiranja yu hai na ameolewa na wakili. Itoshe kusema kwamba kiranja yule alikuwa mtu wa chuma. Alikuwa haogopi fimbo, njaa wala mwalimu mkuu. Na alitoka kwenye blanketi lile kama risasi.

Saumu alisimama akiutazama uzio. Mwasho si maumivu. Hata daktari atakwambia. Hata kipima-uchungu kiliuhesabu katika ukoo mmoja na mtekenyo, na mtekenyo ulikuwa kwenye mkataba. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuwashwa mkono akauacha palepale ulipo.

Kilichomshika miguu ni kingine. Sheria ya ukungwi ni moja kabla ya zote: mwali hafichwi somo. Bibi yake alikuwa akisema kumfunda mtu kitu ambacho hajui amefundwa ni sawa na kumroga. Wale wa Umbasi walitaka kuingiza kitu ndani ya Nkwabi bila kumwuliza. Naye Saumu angefanya nini tofauti? Angeingiza kitu kingine, bila kumwuliza, kwa sababu anamhurumia. Huruma ni kisingizio cha kila mchawi.

Ndani, Hamdani alipiga kengele. Mtambo ulikuwa unaanza.

Saumu alichuma ganda moja kwa koleo la waya, akalikung'uta juu ya karatasi, akaikunja karatasi ile ndogo kama ya dawa, akaingia.

*

Hamdani alikuwa amechonga ncha ya fito ikawa kama penseli, akaipenyeza kwenye tundu la kwanza la almasi, mashine ikaing'ata na kuanza kuvuta. Tundu la pili lilikuwa dogo kuliko la kwanza, la tatu dogo kuliko la pili, safu nzima ikinyweshwa maji ya sabuni ili shaba isichubuke. Shaba haipungui kwa kupita humo, inarefuka. Fito ya unene wa kidole iliyoingia huku ilitoka kule ikiwa uzi usioonekana ila pale mwanga ulipoupiga. Lakini kila tundu huikasirisha. Shaba iliyovutwa huwa ngumu, kavu, tayari kukatika kwa neno dogo. Kwa hiyo uzi uliingia tanuri lililonyimwa hewa, ukapashwa moto mpaka ukasahau yote uliyotendewa, ukatoka laini kama mtoto aliyeamka usingizini. Ukachovywa vanishi, ukaokwa, ukachovywa tena, ukaokwa tena. Nyuzi zikakutana, zikasukwa. Kamba ikapita kwenye pazia la minyororo yenye umeme mkali, na kama ingekuwa na kitundu hata cha ncha ya sindano, cheche ingeruka na kengele ingelia.

Haikulia.

"Inakuja, somo," Hamdani alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nikisimamisha, inaungulia tanurini na inakatika. Ukitaka nisimamishe, sema sasa."

"Usisimamishe."

Saumu alivaa kikuku. Karatasi ilikuwa chini ya mkanda wake, upande wa ndani wa kifundo, juu kidogo ya mahali ganzi itakapoishia. Kamba ikaingia kwenye tundu, imelowa utomvu, ya uvuguvugu kama kitu kinachopumua.

Hariri. Saumu aliipitisha polepole, akawaza shavu la mtoto. Barafu. Jiwe la mto, uzito wake. Msasa. Kisha unyoya wa jogoo, uso wake ukiwa wa mtu aliyefiwa.

"Sasa kimya," alisema Mchomvu. Alikuwa ameshasogea. Mkononi alishika kijiko chenye mpini wa mbao, na upande wa chuma ulikuwa umekaa juu ya jiko la umeme. "Nitafanya mwenyewe. Si kwamba sikuamini."

Saumu akajipaka mafuta meupe. Kiganja kikaondoka. Vidole vikaondoka. Alibaki na mkono unaoishia kwenye kifundo kama barabara iliyokatwa na mvua. Kamba ilikuwa inapita. Baada ya pumzi chache utomvu ungekauka na kila kitu kingebaki kilivyo.

Mwali hafichwi somo, alisema bibi yake, ndani ya kichwa.

Nitamwambia, Saumu alimjibu. Kabla hajashonewa. Akikataa nitauchoma mbele yake.

Akazungusha kikuku. Karatasi ikafunguka.

Kwa muda wa kufumba na kufumbua hapakuwa na kitu. Mchomvu akaweka kijiko cha moto kiganjani, ngozi ikachemka kidogo, na Saumu hakusikia chochote pale. Ila kwenye kifundo, juu tu ya mpaka wa ganzi, sisimizi mmoja aliamka. Akamwamsha mwenzake. Wote wawili wakaita ukoo.

Tumesoma habari za mashujaa waliochomwa kwa moto bila kupiga kelele, na tunawaheshimu. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa akae na upupu mkononi, atazame mbele, na aonekane ana amani. Jasho lilimtoka Saumu nyuma ya masikio. Kila kiungo katika mwili wake kilimwomba kitu kimoja, na alikinyima.

"Uko sawa, Bi Saumu?"

"Niko sawa."

"Unatoka jasho."

"Tanuri."

Sindano. Moto ni mwasho, aliuambia waya. Koleo. Kubanwa ni mwasho. Kukatwa ni mwasho. Jifunze haraka, mwanangu, maana sitaweza kurudia.

Mchomvu akainama. "Kikuku chako kimekaa upande," alisema, na kabla Saumu hajavuta mkono, akakishika kwa vidole viwili na kukinyoosha vizuri.

Mwisho wa kamba ukapita. Utomvu ukakauka. Hamdani akaupokea mkono wa Nkwabi kwenye kigurudumu, na Saumu akauchovya wake kwenye ndoo ya majivu, dawa ya kale ya upupu, aliyokuwa ameiweka chini ya kiti, mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho.

*

Jaribio lilifanyika mezani. Waya haukushonwa kwanza. Ulichomekwa kwenye soketi ya kifundo cha Nkwabi, matawi yake yakalazwa juu ya kitambaa, na chochote kilichoyagusa Nkwabi alikisikia kana kwamba kimegusa vidole vyake.

Saumu aliyapitishia hariri.

Kidevu cha Nkwabi kikaanza kucheza.

"Unasikia nini?" aliuliza Mchomvu, kalamu tayari.

"Kitu laini, bosi."

"Vizuri." Mchomvu alikuwa anasugua vidole viwili kwenye shati lake. "Sasa la mwisho." Akafunga kipima-uchungu kwenye waya, akakilaza kijiko cha moto juu ya matawi.

Mshale haukutikisika. Nkwabi aliinua macho haraka, akamtazama Mchomvu, kisha Saumu. Mishipa ya shingo ilimsimama. Saumu hakuwa na cha kumfanyia. Neno moja la mtu huyu lingetosha kutupa mkono jalalani na kungwi nje ya lango, na lilikuwa haki yake kulisema.

"Unasikia maumivu?"

"Hapana, bosi," Nkwabi alisema polepole. "Maumivu sisikii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mchomvu aliandika neno moja, akaacha. Akajikuna. Akaandika nusu ya la pili, akaacha, akajikuna kwa mkono mwingine, na sasa mkono huo nao ukawa na shida zake.

"Humu ndani mna mbu?" aliuliza.

"Pongwe hii," Hamdani alisema kwa huzuni kubwa.

Mchomvu akavumilia. Tumeshasema hakuwa mtu mbaya, na hapa tunaongeza kwamba alijitahidi. Lakini kalamu ilimdondoka. "Msiguse kitu," alisema. "Nanawa tu." Akatoka karibu akikimbia kuelekea bombani, bila kujua kwamba maji na upupu ni marafiki wa siku nyingi.

Mlango ulipojifunga, Nkwabi aliuliza, "Umeniwekea nini?"

"Mwasho," Saumu alisema. "Wao walitaka usisikie moto kabisa. Maumivu nisingeweza kuyapitisha. Nikaweka mwasho mahali pa maumivu. Ukiungua, utawashwa. Ukikatwa, utawashwa."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Wao pia hawakuniuliza."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia sasa." Akaelekeza kidole kwenye mtambo. "Tanuri bado lina moto. Ukisema, naurudisha waya sasa hivi, unasahau kila kitu. Utatoka hapa mikono mitupu na sijui kama watakuletea tena. Lakini hakuna atakayekuwa amekufunda kitu usichokijua."

Nkwabi aliangalia kupitia kioo. Huko nje Mchomvu alikuwa amevua saa, amekunja mikono ya shati mpaka mabegani, na anajisugua kwenye ukuta wa kiwanda.

"Yule ameacha kazi iliyokuwa mkononi?" Nkwabi aliuliza.

"Ameacha."

"Na ni bosi."

Akafikiri. Jasho lilimtiririka, kijiko kilikuwa bado juu ya waya, na hakuna aliyekumbuka kukiondoa.

"Wenzangu nitawaeleza mwenyewe," alisema mwishowe. "Mmoja mmoja, kule hospitali, kabla hawajaletwa. Anayetaka, umfunde hivi hivi. Asiyetaka atakuambia, na wewe utafanya anavyotaka yeye, hata kama hupendi. Kwa siri usimfunde mtu tena, dada. Hata kwa wema."

"Sitamfunda."

"Haya." Akavuta pumzi. "Sasa niondolee hicho kijiko, maana nitapasuka."

Saumu akakirukia kijiko, akakitupa ndooni. Nkwabi akaanza kujikuna kiganja cha kulia kwa nguvu zote, akakuna, akakuna, kisha akaacha. Kiganja kile kilikuwa bado kimekufa ganzi kama mbao. Kilichokuwa kinawashwa kilikuwa mezani.

Wakatazamana.

Saumu alivuta kiti. Akakusanya matawi ya shaba mbele yake, akachagua moja, akalikuna kwa ukucha.

"Si hapo. Hicho ni kidole cha mwisho."

"Hapa?"

"Kando yake. Kingine. Shuka kidogo."

Saumu akashuka kidogo. Nkwabi akaacha kupumua. Mabega yaliyokuwa juu tangu asubuhi yakateremka, akafumba macho, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza hatua za anayemjua zikija barazani.

"Dada," alisema baada ya muda.

"Naam."

"Una kucha ndefu."